Nzi huanguka, kisha huamka: mimea inayoipa nguvu dawa ya pareto

LUBUMBASHI, Haut-Katanga – Mvua za Novemba zikishaanza Lubumbashi, maembe huiva, taka hulowa na nzi huongezeka. Mtaa wa Karavia unajulikana mbali kwa hoteli kubwa ya Grand Karavia iliyo kando ya ziwa, lakini anayeujua vizuri msimu wa nzi si mgeni wa hotelini. Ni mama anayeuza samaki kando ya barabara. Mkono mmoja hupima ndakala, mwingine hupunga kitawi juu ya meza kutwa nzima.

Usiku vita huhamia ndani ya nyumba. Mlango hufungwa, dawa ya kopo hupulizwa, na nzi huanguka sakafuni kama punje za mahindi. Asubuhi baadhi yao hutikisa miguu, hujigeuza na kuruka tena. Wengi husema dawa ilikuwa ya bandia. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi kinachotokea ni kingine: sumu iliingia mwilini mwa nzi, naye akaivunjavunja kabla haijamaliza kazi.

Kwa zaidi ya miaka 80 wanasayansi wamejua kwamba kuna mimea inayoweza kumnyima nzi uwezo huo. Viambato vyake vyenyewe haviui nzi, au huua kidogo tu, lakini vikichanganywa na dawa ya asili huifanya dawa hiyo ishinde. Baadhi ya mimea hiyo iko jikoni mwetu: ufuta, pilipili manga, kungumanga. Na ua linalotoa dawa yenyewe, pareto, limelimwa katika milima ya Kivu tangu enzi za ukoloni wa Ubelgiji.

Kwa nini basi ujuzi huo humfikia mkazi wa Karavia ndani ya kopo lililosafiri nchi kadhaa, tena bila mtu kumweleza kilichomo?

Nzi si mdudu wa kudharauliwa

Nzi wa nyumbani, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Musca domestica, hana meno. Hawezi kula kitu kikavu mpaka akitemee mate na kukilainisha. Hutua chooni, kwenye jalala, kwenye kidonda, kisha hutua kwenye bukari na samaki. Anachokula huku hukitapika kule, na miguu yake yenye vinyweleo hubeba kilichobaki.

Hivyo ndivyo vijidudu vya kuhara, kuhara damu na homa ya matumbo vinavyopata usafiri wa bure. Mwaka 1999 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa katika vijiji vya Pakistani, ambako baadhi ya vijiji vilipuliziwa dawa ya nzi na vingine havikupuliziwa. Katika vijiji vilivyopuliziwa, kuhara kwa watoto kulipungua kwa takriban asilimia 23.

Katika mji wenye historia ya milipuko ya kipindupindu kama Lubumbashi, maji safi na choo bora ndiyo ngao ya kwanza. Nzi si chanzo kikuu cha kipindupindu. Hata hivyo, pale ambapo maji ni ya shida na taka hukaa siku nyingi, kila nzi anayetua kwenye chakula cha mtoto ni hatari isiyo ya lazima.

Tena huzaliana kwa kasi. Jike hutaga mayai mamia katika maisha yake mafupi, kwa mafungu, kwenye taka zenye unyevu na samadi. Katika joto la msimu wa mvua, yai huweza kuanguliwa ndani ya siku moja, na nzi mpya akaruka baada ya wiki moja au siku kumi. Ukiua mia leo na jalala likabaki palepale, wiki ijayo utakuwa na mia wengine.

Ua la milimani

Pareto ni ua jeupe lenye kiini cha njano. Asili yake ni Dalmatia, katika pwani ya Kroatia ya leo. Maua yake yaliyokaushwa na kusagwa yalitumika Ulaya kuua viroboto na kunguni tangu karne ya 19. Wajapani walilima kwa wingi, na mwishoni mwa karne hiyo wakabuni udi wa kufukuza mbu, ule unaozungushwa kama konokono na kuachwa ufuke usiku.

Afrika Mashariki iliingia katika biashara hii mwishoni mwa miaka ya 1920, mbegu zilipopandwa katika nyanda za juu za Kenya. Katika miaka ya 1930 kilimo hicho kilienea hadi Kivu, iliyokuwa sehemu ya Kongo ya Wabelgiji. Vita Kuu ya Pili ilipofunga njia ya mzigo wa Japani, maua ya Kenya na ya Kongo yakawa bidhaa ya kivita: majeshi yalihitaji dawa ya kukinga askari dhidi ya chawa na mbu. Baadaye Tanzania na Rwanda nazo zikawa wazalishaji wanaojulikana. Leo kiwanda cha Tanzania kiko Mafinga, mkoani Iringa, na cha Rwanda kiko Musanze, chini ya milima ya volkeno, ng'ambo tu ya mpaka wa Kivu Kaskazini.

Ua hili lina masharti yake. Linahitaji baridi ya usiku ili litoe maua mengi, kwa hiyo hustawi kwenye miinuko mikubwa, kwa kawaida zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Lubumbashi iko karibu na mita 1,200. Atakayepanda pareto nyuma ya nyumba yake Karavia huenda akapata majani mazuri na maua machache.

Dawa yenyewe hukaa hasa kwenye vimbegu vidogo vilivyo katikati ya ua. Ni mchanganyiko wa viambato sita vinavyofanana, ambavyo kwa pamoja huitwa pirethrini. Katika maua makavu, pirethrini ni takriban asilimia 1 hadi 2 tu ya uzito wote. Kilo moja ya maua yaliyochumwa moja moja na kukaushwa hutoa gramu chache za dawa.

Ndiyo maana pirethrini ni ghali. Na ndiyo maana swali la namna ya kufanya kidogo kifanye kazi kubwa lilianza mapema.

Kwa nini nzi huamka

Pirethrini hushambulia mishipa ya fahamu. Katika mishipa hiyo kuna vijilango vinavyofunguka na kufunga ili ujumbe upite. Dawa huvizuia visifunge. Ujumbe hupita bila kikomo, nzi hutetemeka, hupoteza mwelekeo na kuanguka. Hutokea kwa dakika chache, na ndiyo sifa kubwa ya pareto: hakuna dawa nyingi za asili zinazoangusha wadudu upesi kiasi hicho.

Lakini kuanguka si kufa. Mwili wa nzi una vimeng'enya, ambavyo kazi yake ni kusafisha sumu. Kundi moja muhimu huitwa saitokromu P450. Binadamu naye anavyo, hasa kwenye ini, na ndivyo vinavyomsaidia kumaliza dawa alizomeza hospitalini. Mdudu amevihitaji tangu zamani za kale, kwa sababu mimea imekuwa ikitengeneza sumu za kujilinda na wadudu wamekuwa wakitafuta njia za kuzivunja.

Pirethrini ikiingia kwa kiasi kidogo, vimeng'enya hivi huishambulia na kuigeuza kuwa kitu kisicho na madhara. Kama kazi hiyo itaisha kabla nzi hajafa, mishipa hurudi katika hali yake, na nzi huamka.

Kuna njia mbili za kumshinda. Ya kwanza ni kuongeza dawa, jambo linaloongeza gharama na kuiweka nyumba katika hewa yenye sumu nyingi zaidi. Ya pili ni kuvifunga mikono vimeng'enya vyenyewe. Hapo ndipo mimea mingine inapoingia.

Siri ya ufuta

Mwaka 1940 mtafiti wa Marekani, Craig Eagleson, alipewa hataza ya matumizi ya mafuta ya ufuta katika dawa za wadudu. Mafuta hayo yalipochanganywa na pareto, nzi wengi zaidi walikufa kuliko pareto ilipotumika peke yake, ingawa mafuta yenyewe hayakuwa sumu ya maana kwao. Mafuta mengine ya kula hayakuwa na uwezo kama huo.

Miaka miwili baadaye wanakemia wa Marekani walionyesha kwamba siri ilikuwa katika kiambato kiitwacho sesamini. Baadaye ikagundulika kwamba mwenzake, sesamolini, ambayo pia imo kwenye ufuta, ina nguvu zaidi. Viambato hivi vina umbo fulani la kemikali ambalo vimeng'enya vya P450 hulikamata kana kwamba ni sumu ya kuvunjwa. Vikishalikamata, hunasa. Kimeng'enya kilichonaswa hakiwezi tena kuivunja pirethrini, nayo huendelea na kazi yake mpaka mwisho.

Wataalamu hukiita kiambato cha namna hii kiongeza nguvu. Mfano wa nyumbani ungeweza kusaidia: mwizi amezingirwa, na mlinzi wake anataka kumfungulia mlango wa nyuma. Kiongeza nguvu hakimpigi mwizi. Kinamshika mlinzi.

Ufuta haukubaki peke yake. Mwaka 1943 watafiti wa Taasisi ya Boyce Thompson, Marekani, walichapisha matokeo kuhusu piperini, kiambato kinachoipa pilipili manga ukali wake, na nzi wa nyumbani. Piperini na jamaa zake ziligunduliwa kuwa na uwezo wa kuikuza nguvu ya pareto. Mwaka 1963 ikaripotiwa kwamba miristisini, iliyomo katika mboga fulani za mizizi na pia katika kungumanga, nayo ni kiongeza nguvu.

Orodha hiyo inasomeka kama ya duka la viungo la Unguja au Pemba. Haishangazi. Mimea yenye harufu kali na ladha kali ndiyo iliyopigana na wadudu kwa muda mrefu, na baadhi yake ilijifunza kwamba silaha peke yake haitoshi. Inabidi pia kuzima kinga ya adui.

Kiongeza nguvu kilichotawala dunia

Licha ya hayo yote, makopo mengi yenye pareto leo hayana ufuta. Yana piperonili butoksaidi, inayofupishwa PBO kwenye lebo, iliyotangazwa mwaka 1947. Ni kemikali ya kiwandani, lakini chimbuko lake ni mmea: hutengenezwa kutokana na safroli, mafuta yapatikanayo katika magome na mizizi ya miti fulani ya Amerika na Asia. Umbo lake la kemikali linashabihiana na lile la sesamini.

PBO ilishinda kwa sababu za kibiashara. Nguvu yake haibadiliki toka pipa hadi pipa, haiozi, na hutengenezwa kwa wingi. Mafuta ya ufuta hutofautiana kulingana na mbegu, udongo na namna yalivyokamuliwa, na kusafishwa kwake kiwandani hubadilisha sehemu ya viambato vinavyotakiwa. Katika dawa nyingi za pareto, PBO huwekwa mara tano au mara kumi ya kiasi cha pirethrini. Kwa maneno mengine, mnunuzi hulipia zaidi msaidizi kuliko muuaji, na bado hupata nafuu kuliko kununua pirethrini tupu.

Umuhimu wa ujuzi huu ulionekana upya katika ukanda wetu kupitia mbu. Vyandarua vya kawaida hutiwa dawa za kundi la pirethroidi, yaani nakala za kiwandani za pirethrini. Mbu wa Afrika wakazizoea. Huko Muleba, mkoani Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, watafiti walilinganisha vyandarua vya kawaida na vile vilivyoongezwa PBO. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2018 katika The Lancet, yalionyesha kwamba watoto wa vijiji vilivyopata vyandarua vyenye PBO waliambukizwa malaria kwa kiwango kidogo zaidi. Kutokana na ushahidi huo, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshapendekeza mwaka 2017 vyandarua hivyo vitumike pale mbu walipoizoea dawa. Uganda nayo ilivigawa na kuvipima kwa kiwango kikubwa, na matokeo yake ya mwaka 2020 yaliunga mkono yale ya Muleba.

Kinachofanyika ndani ya mbu aliyegusa chandarua hicho ni kilekile kilichoonekana kwa nzi mwaka 1940.

Nzi naye ana sifa mbaya ya kuzoea dawa. DDT ilianza kutumika kwa wingi katika miaka ya 1940, na kufikia mwaka 1946 nzi walioishinda walikwisha kuonekana Sweden. Pirethroidi zimekutana na hatima hiyohiyo katika nchi nyingi. Kiongeza nguvu husaidia pale usugu unapotokana na vimeng'enya kuongezeka. Hakisaidii sana pale vijilango vyenyewe vya mishipa ya fahamu vinapobadilika umbo na kuikataa dawa. Hapo hata ufuta wa dunia nzima hautamwangusha nzi.

"Ya asili" haina maana ya "salama"

Neno "asilia" kwenye kopo huuza. Lakini mmea ni kiwanda cha kemikali kama kiwanda kingine chochote, na historia ya mimea hii ina mafunzo yake.

Safroli ni mfano mmoja. Kwa sababu hutumika pia kutengeneza dawa ya kulevya aina ya ecstasy, imewekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1988. Nchini Kambodia, miti inayotoa mafuta hayo ilikatwa kwa siri katika misitu ya milima ya Cardamom, na serikali ililazimika kuteketeza mapipa yaliyokamatwa. Kitu kikitoka msituni hakimaanishi msitu umebaki salama.

Mfano mwingine uko karibu na Katanga. Utupa, mmea ambao wavuvi wa sehemu nyingi za Afrika ya Kati na Mashariki wameutumia kulewesha samaki, una rotenoni. Wakulima huutumia pia dhidi ya wadudu wa shambani. Rotenoni huzuia seli kupata nguvu, si za mdudu tu, na Umoja wa Ulaya uliiondoa katika orodha ya dawa zinazoruhusiwa kwa kilimo.

Pareto ni nafuu kwa binadamu ikilinganishwa na dawa nyingi, kwa kuwa miili yetu huivunja upesi. Mwanga wa jua huiharibu ndani ya saa chache, kwa hiyo haikai muda mrefu katika mazingira. Hata hivyo ni sumu kali kwa samaki na nyuki, paka huathirika kwa urahisi, na mtu mwenye pumu anaweza kubanwa kifua akiivuta. Katika mtaa ulio kando ya ziwa, mabaki ya dawa yakimwagwa mtaroni mwisho wake unajulikana.

Kiongeza nguvu huongeza tahadhari, hakiipunguzi. Kinachozuia vimeng'enya vya nzi ni cha kushughulikiwa kwa uangalifu na mwenye vimeng'enya vya aina hiyo, yaani sisi sote. Viwango vya kwenye kopo lililosajiliwa vimepimwa. Vya mchanganyiko uliopikwa jikoni havijapimwa. Kumimina mafuta ya ufuta kwenye dawa ya kununua, kisha kuipuliza karibu na jiko la makaa, ni kutafuta moto.

Maua yanaondoka, makopo yanarudi

Ukitazama ramani, vitu vyote vinavyohitajika viko katika eneo hili. Pareto iko Kivu, Rwanda, Iringa, Mbeya na nyanda za juu za Kenya. Ufuta uko Lindi na Mtwara, kusini mwa Tanzania, ambayo ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa zao hilo duniani, na uko kaskazini mwa Uganda, unakoitwa simsim. Malori yanayopakia Dar es Salaam hupita Tunduma, huvuka Zambia na kuingia Katanga kupitia Kasumbalesa. Kwa barabara hiyohiyo ingewezekana kufika dawa ya nzi iliyotengenezwa hapa kwa mimea ya hapa.

Lakini sehemu kubwa ya zao la pareto la Afrika Mashariki huuzwa nje, ambako husafishwa, huchanganywa na kiongeza nguvu, hutiwa kwenye makopo na kupewa jina la kibiashara. Sehemu ya makopo hayo hurudi huku kwa bei ambayo muuza samaki wa Karavia huifikiria mara mbili. Thamani kubwa iko kwenye hatua za mwisho, na hatua hizo hazifanyiki mahali ua linapochumwa.

Kenya inaonyesha jinsi mnyororo unavyoweza kukatika. Nchi hiyo kwa miongo mingi ndiyo iliyoongoza dunia kwa pareto. Kisha wakulima wakaanza kucheleweshewa malipo na shirika la umma lililokuwa mnunuzi pekee, wengi wakang'oa maua na kupanda viazi. Australia, kupitia mashamba makubwa ya Tasmania yanayovunwa kwa mashine, ikachukua nafasi ya kwanza. Jitihada za kulifufua zao hilo Kenya, baada ya sheria mpya ya mwaka 2013 kuruhusu wanunuzi binafsi, bado zinaendelea.

Kivu kisa ni kizito zaidi. Goma ilikuwa na kiwanda cha kukamua pareto, na familia nyingi za nyanda za juu zilipata fedha za shule kutokana na maua. Vita vilivyoanza miaka ya 1990 viliwafukuza wakulima mashambani tena na tena. Januari 2025 mji wa Goma uliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Kati ya Goma na Lubumbashi kuna zaidi ya kilomita 1,000 hata kwa ndege, bila barabara nzuri ya kuziunganisha. Kwa mkazi wa Karavia, ua la nchi yake liko mbali kuliko kopo kutoka ng'ambo.

Bado kuna linalowezekana bila kusubiri amani ya Kivu. Kupima mafuta ya ufuta na pilipili manga ya sokoni dhidi ya nzi wa Lubumbashi hakuhitaji kiwanda. Kunahitaji maabara ndogo, nzi waliofugwa, dawa ya pareto yenye kipimo kinachojulikana, na uvumilivu wa kuhesabu waliokufa baada ya saa 24 badala ya walioanguka baada ya dakika tano. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha sayansi ya kilimo. Swali la kama nzi wa Katanga wamezoea dawa, na kwa njia ipi, ni la aina ambayo mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anaweza kulianza, na jibu lake lingeliokolea jiji fedha kabla halijanunua pipa lingine la dawa isiyoua.

Mkazi afanye nini leo

La kwanza ni kusoma kopo. Kama lina pirethrini au pirethroidi pamoja na piperonili butoksaidi, yaani PBO, kiongeza nguvu kimo. Kama halina maandishi yoyote ya viambato, wala jina la mtengenezaji, bei yake ndogo isimdanganye mtu. Dawa za shambani zilizogawanywa kwenye chupa za maji sokoni hazina nafasi nyumbani, na dawa ya aina yoyote haipaswi kupulizwa juu ya samaki, nyama wala embe linalouzwa.

La pili ni kuipa dawa muda. Chakula na vyombo vifunikwe au vitolewe, watoto na kuku wakae nje, madirisha yafungwe, kisha nyumba ifunguliwe na kupitishwa hewa kabla ya watu kurudi. Nzi walioanguka wafagiliwe mara moja na kufukiwa au kuchomwa. Hata yule ambaye angeamka hatapata nafasi hiyo.

La tatu ndilo kubwa kuliko yote, na halina kemikali. Kwa kuwa nzi huhitaji takriban wiki moja kutoka yai hadi mbawa, taka zikiondolewa mara mbili kwa wiki mzunguko wake hukatika. Choo kiwe na kifuniko, samadi ikaushwe au ifukiwe mbali, na meza ya samaki iwekewe wavu. Wavu mmoja juu ya ndakala hufanya kazi ya mkono wa mama kutwa nzima, bila kuchoka.

Ufuta na pilipili manga vinaweza kuifanya dawa ya pareto imalize kazi iliyoianza. Haviwezi kuondoa jalala. Jalala likiachwa likae wiki tatu, litazalisha nzi kwa kasi kuliko dawa yoyote inavyoweza kuwaua, hata ikiwa imetiwa ufuta.